Rubani Anayejifunza Kukosa Adabu

Saa nane mchana, ndege inashuka sebuleni.

Usicheke, msomaji. Viti viwili vya plastiki vimewekwa ubavu kwa ubavu, vinatazama ukuta, na ukutani pamebandikwa karatasi kubwa zenye picha ya chumba cha marubani: vioo, saa, vitufe, vishikio vya injini, kila kimoja mahali pake. Swichi zile za juu ya kichwa zimebandikwa darini kwa gundi. Feni ikiwashwa zinapepea, kwa hiyo feni haiwashwi, na joto la humu ndani si la mchezo.

Kiti cha kushoto amekaa mama mtu mzima, miwani imemteremkia puani, mkononi ana mfuniko wa sufuria. Huo ndio usukani wake, na yeye leo ndiye kapteni. Kiti cha kulia amekaa mke wa mwanawe, naye ana mfuniko wake, ule mdogo. Huyu ni rubani kweli, mwenye leseni yake, na jasho linalomtiririka shingoni si la joto peke yake.

"Futi elfu moja," anasema wa kulia.

"Sawa," anajibu mama mkwe, huku akiuinamisha mfuniko mbele kwa makusudi, kama alivyoelekezwa.

"Mama... samahani, naona kama tunashuka haraka kidogo."

Mama mkwe kimya. Macho ukutani.

"Mama, samahani, naomba niongoze mimi."

Hapo mama mkwe anavua miwani. "Unaomba? Ndege inakwenda kugonga chini, wewe unaomba? Mwanangu, ungekuwa unaniomba chumvi ningekuelewa!"

Rubani anaweka mfuniko sakafuni. Anasimama, anakwenda dirishani, anachungulia nje pasipo na cha kuchungulia, anarudi, anakaa, anasimama tena. Kesho kutwa ana mtihani kwenye mashine ya kuigiza urubani, ile wanayoiita simuleta. Ni mtihani wa marudio. Wa kwanza alianguka, na akianguka huu wa pili shirika lililomwajiri linavunja mkataba, anarudi alikotoka.

Kilichomwangusha si mikono yake wala akili yake. Kilichomwangusha ni adabu.

Ana umri wa miaka thelathini na miwili. Kwa miaka saba ameendesha ndege ndogo ya injini moja, akipeleka abiria wanne watano, dawa, vipuri na mifuko ya barua kwenye viwanja vya udongo ambavyo kabla ya kutua unapita kwanza chini chini kufukuza mbuzi. Ndiyo maana darasani wenzake wamempa jina la Dada Vumbi. Hakasiriki nalo. Anasema vumbi ndilo lililomlea.

"Kule nilikuwa peke yangu," anasimulia. "Mimi kapteni, mimi msaidizi, mimi mpakiaji, mimi wa kumbembeleza abiria anayetapika. Mvua ikinifungia njia, naamua mwenyewe. Injini ikikohoa, naamua mwenyewe. Sikuwahi kumkosoa mtu ndani ya ndege, kwa sababu mtu hakuwapo."

Halafu shirika kubwa likatangaza nafasi. Waliomba mamia, wakachukuliwa kumi na wawili, naye akiwemo. Siku alipopigiwa simu alikuwa juu ya bawa la ndege yake, anapima mafuta kwa kijiti. Alishuka mbio hata akasahau kijiti ndani ya tangi, ikabidi fundi akitoe kwa waya huku akimsonya.

Watu wengi wanadhani rubani akishapata leseni basi, kamaliza, kilichobaki ni miwani ya jua na begi la magurudumu. Thubutu! Rubani mpya akiajiriwa na shirika anaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Anapewa tableti yenye maelfu ya kurasa: umeme wa ndege, mafuta, breki, hewa ya ndani, barafu juu ya mabawa, sheria za anga, na taratibu za shirika zinazosema hata nani aguse swichi gani kwa mkono upi. Mitihani ya darasani, ukipata chini ya asilimia themanini hujafaulu. Kuna mambo ya dharura ambayo hayatakiwi kusomwa popote. Unayatoa kichwani neno kwa neno, na ukibadili neno moja mkufunzi anakurudisha mwanzo. Katika wale kumi na wawili, wamebaki tisa.

Muda wote huo mwanafunzi analipwa posho, nusu tu ya mshahara utakaokuja. Nyumba hii kwa sasa inaendeshwa zaidi na mikono ya mume wake, ambaye ni fundi wa majokofu.

"Mimi nimeoa rubani, nikajikuta nimeolewa na vitabu," anasema fundi huyo, akifuta mikono yenye grisi. "Hapa hata friji letu linajua hatua za kuzima moto wa injini. Juzi niko kwa mteja, nataka kuzima swichi kuu, nikasikia mdomo wangu unasema: 'Swichi kuu, thibitisha.' Mteja akaniangalia. Akaenda kuniletea maji ya kunywa."

Mke wake anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Mguu wake chini ya meza unacheza muda wote kama cherehani. Amepiga pasi shati lile lile jeupe mara mbili tangu asubuhi, na sasa analitazama tena.

"Siwezi kutulia," anasema. "Nikikaa tu, naiona ile skrini nyekundu."

Skrini nyekundu ndiyo mwisho wa mtihani wa kwanza. Ndani ya simuleta walikuwa watatu. Kushoto alikaa kapteni mkongwe wa shirika, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, ambaye vijana wote wanamwita Kapteni Mzee. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuongoza ndege. Kulia alikaa Dada Vumbi. Kazi yake ilikuwa kuchunga, yaani kutazama kila kitu na kusema kikienda kombo. Nyuma yao, kwenye meza yenye skrini zake, alikaa mkaguzi, mwanamama wa makamo asiyecheka ovyo, ambaye ndiye anayetoa alama.

Mambo yalienda vizuri kwa zaidi ya saa nzima. Moto wa injini aliumaliza. Moshi ndani ya ndege aliumaliza. Kisha wakawa wanashuka kwenda kutua, mawingu yamefunga, na Kapteni Mzee akaiacha ndege iteremke chini ya njia yake. Alifanya makusudi. Ilikuwa sehemu ya mtihani, na Dada Vumbi hakuambiwa.

"Niliona," anasema. "Wallahi niliona mapema kabisa. Nikasema, 'Mzee, nadhani tumeshuka kidogo.' Akanyamaza. Nikamtazama. Nikajiambia, huyu alikuwa anaruka wakati mimi bado nanyonya, labda kuna kitu anakijua. Nikangoja. Nikasafisha koo ili anisikie."

"Ukasafisha koo?" anadakia mama mkwe, ingawa amekwisha kukisikia kisa hiki si mara moja.

"Nikasafisha koo, Mama."

Skrini zote zikawa nyekundu, mashine ikatulia kwenye miguu yake ya chuma. Kapteni Mzee akageuka taratibu. "Mwanangu," akamwambia, "mimi nimekufa. Na wewe umekufa. Na walioko nyuma, mia na hamsini, nao wamekufa wakiamini kwamba mbele kuna watu wawili." Alisema kwa upole, wala hakufoka, na hilo ndilo lililomliza Dada Vumbi njia nzima hadi nyumbani.

Mwandishi wa makala haya alimtafuta Kapteni Mzee ofisini kwake, chumba kidogo chenye kabati la chuma na birika la umeme. Ni mtu wa maneno machache na pipi nyingi. Ana kikohozi cha siku nyingi, na hawezi kukaa bila pipi ya kikohozi shavuni.

"Wanaotoka kwenye ndege ndogo wanakuja na mikono mizuri sana," anasema. "Mikono haina shida. Shida ni mdomo. Sheria yetu ni nyepesi mno. Anayeongoza akitoka nje ya mstari, anayechunga anamwita. Asipojibu, anamwita tena. Asipojibu mara ya pili, hesabu kwamba mwenzako hayupo, hata kama macho yake yako wazi. Unasema 'naongoza mimi', unachukua ndege. Hakuna mara ya tatu."

Je, huko juu hakuna mkubwa na mdogo?

"Mkubwa yupo. Ila ardhi haimwamkii." Anahamisha pipi kutoka shavu hili kwenda lile, kisha anaendelea. "Huyu binti kila akiingia mle ndani ananipa shikamoo mpaka naona haya. Ni mtoto mwenye malezi. Nataka abaki nayo hayo malezi, lakini kwa dakika chache za kutua ayaweke chini ya kiti."

Ni rahisi kusema. Dada Vumbi amelelewa na baba aliyekuwa mwalimu mkuu, na kwao mtoto hakumwambia mkubwa kwamba amekosea. "Kama shati la baba limechanika mgongoni, humwambii baba. Unamwambia mama, mama naye anatafuta saa nzuri. Siku nyingine shati lilikwenda shule na kurudi na tundu lake." Alipoolewa akakutana na mama mkwe aliyekuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka mingi, mwanamke ambaye akipaza sauti mbwa wa jirani anakaa chini. Hajawahi kumjibu. Chai ikiwa na sukari mno, anakunywa.

Ndiyo maana wazo la nani akae kiti cha kushoto sebuleni lilikuwa la mama mkwe mwenyewe. Mwanawe, yule fundi, ndiye aliyekuwa anakaa hapo kwanza, na Dada Vumbi alimnyang'anya ndege bila shida, tena kwa raha zake.

"Huyo mume wake, yeye humnyang'anya hata rimoti," anasema mama mkwe. "Hilo si zoezi. Nikasema niwekeni mimi hapo. Anayeniogopa mimi akishaweza kwangu, huyo kapteni wake atakuwa mtu wa kawaida."

Lakini siku zimekwenda na mambo ni yale yale. Leo wameshuka sebuleni mara nyingi, na kila mara mkwe mtu anaomba, anataka radhi, anatanguliza "Mama". Mara moja tu alisema "naongoza mimi", ila alisema kwa sauti ndogo mno, hata mama mkwe akauliza, "Umesema unaondoka?"

Kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya mtihani, wamekaa tena. Dada Vumbi hajala kitu. Kucha zake amezimaliza. Simu yake imelia mara mbili. Ni mwenzake wa darasani, kijana wanayemwita Kompyuta kwa jinsi anavyokariri, anataka kumtakia heri, lakini hapokei.

"Futi elfu moja," anasema.

Hakuna jibu.

"Futi elfu moja, Mama."

Mama mkwe ameinama mbele. Mfuniko umemtoka mkononi, umeanguka sakafuni kwa kishindo na unazunguka. Mdomo uko wazi kidogo, macho yameelekea ukutani na hayapepesi.

"Mama?" Kiti cha plastiki kinaruka nyuma. "Mama!" Kwa mkono mmoja amemkamata bega, kwa mwingine amekishika kichwa, anamlaza nyuma kwenye kiti, anamfungua kishikizo cha shingoni. "Mume wangu, njoo! Leta gari! Mama, niangalie! Niangalie mimi!"

Mama mkwe anapepesa macho. Kisha mabega yanaanza kumtikisika, na kicheko kinamtoka mpaka miwani inamdondoka mapajani.

"Umeona?" anasema akivuta pumzi. "Umeona ulivyofanya? Hukuniomba ruhusa!"

Dada Vumbi amebaki amesimama. Uso unambadilika. "Usinifanyie hivyo tena!" anafoka. "Unasikia? Mchezo gani huo? Nimedhani umekufa! Usirudie tena kabisa!"

Mumewe ametokea mlangoni na bisibisi mkononi, hajui amwangalie nani. Hajapata kusikia mke wake akimpazia mama yake sauti. Kusema kweli, hajapata kusikia mtu yeyote akimpazia mama yake sauti.

"Hiyo hiyo," anasema mama mkwe, kicheko kimemwisha. "Sauti hiyo hiyo. Mpelekee kapteni wako hiyo."

Ndipo Dada Vumbi anapotambua alichokifanya. Anapiga magoti palepale. Anaomba radhi, analia, anasema hakukusudia, ni hofu tu, ni mtihani. Mama mkwe anamwinua na kumkalisha kitini.

"Nyamaza. Umenifokea kwa sababu unanipenda, usingenipenda ungeniacha nife kwa heshima. Haya, okota mfuniko wangu. Turudie."

Wakarudia. Safari hii alisema "naongoza mimi" kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani.

Siku ya mtihani, jengo la simuleta lina baridi kama chumba cha kuhifadhia maiti. Mashine yenyewe ni sanduku kubwa jeupe lililosimama juu ya miguu sita ya chuma. Ikifanya kazi inainama, inanyanyuka, inatetemeka, na ukiitazama kwa nje huwezi kuamini kwamba ndani yake kuna watu wazima wanaokoa maisha yao. Wageni hawaruhusiwi kupanda. Mwandishi anabaki kwenye korido, nyuma ya kioo, na yaliyotokea ndani ameyapata baadaye kutoka kwa wote watatu, ambao kwa bahati wanakubaliana.

Waliokuwamo ni wale wale: Kapteni Mzee kushoto, Dada Vumbi kulia, mkaguzi nyuma.

Mpango wa mkaguzi ulikuwa hivi. Watatua mara ya kwanza salama. Kisha, kwenye safari ya pili, atamgusa Kapteni Mzee begani, na huyo atajifanya amezimia wakati wa kushuka. Dada Vumbi hakuujua mpango huo, ila alijua kwamba jambo la namna hiyo litakuja saa yoyote.

Wakapaa. Injini ikazimika, akashughulika nayo. Alisahau kuwatangazia abiria kwa wakati, mkaguzi akaandika. Wakaanza kushuka kutua kwa mara ya kwanza, mvua kwenye vioo, upepo wa ubavuni, mashine inayumba. Kapteni Mzee anaongoza.

Kasi ikaanza kupungua.

"Kasi," akasema Dada Vumbi.

Kimya.

"Niliona kasi inazidi kuanguka, na yeye ameduwaa, mikono imelegea," anasimulia. "Mkono mmoja umekwenda kooni. Nikasema moyoni, loo, mzee huyu anajua kuigiza! Na nakwambia ukweli, hata hapo mdomo ulitaka kusema samahani. Nikaufunga, nikaufungua upya."

"Kapteni, kasi!"

Kimya.

"Naongoza mimi!"

Akasukuma vishikio vya injini, akainua pua ya ndege, ikaanza kupanda. Akafanya yote kama yalivyoandikwa, moja baada ya jingine, mpaka lile la mwisho: akaita mhudumu wa ndani aje kumwondoa kapteni kwenye usukani. Ndani ya simuleta hakuna mhudumu. Wa kuitikia ni mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa ameinamia skrini yake, amekasirika. "Nilidhani mzee amekosea zamu," anaeleza. "Sikuwa nimemgusa bega. Nikasema huyu naye kazeeka, ananiharibia mtihani. Sikuinua hata macho. Sisi mle ndani kila siku watu wanazimia, wanakufa, wanafufuka wanakwenda kunywa chai. Umeshazoea. Nikanyamaza, nikitaka nione binti ataishia wapi."

Dada Vumbi akaita mara ya pili. Akaita kwa sauti ile ya sebuleni. "Mhudumu! Nimesema njoo umtoe kapteni, sasa hivi!"

Mkaguzi hajaamrishwa na mwanafunzi tangu aanze kazi hiyo. Aliinua kichwa ili amkemee. Ndipo alipouona uso wa Kapteni Mzee kwenye mwanga wa skrini, umevimba, midomo imegeuka rangi, vidole vinakwaruza shingo. Pipi ya kikohozi ilikuwa imemkaba kooni.

Alirusha karatasi zake, akamfungua mkanda, akamwinamisha mbele na kumpiga mgongoni kwa kiganja. Mara moja, mbili, tatu. Pipi ikatoka, ikagonga kioo cha mbele, penye mvua ya uongo, ikabaki imenata hapo. Kapteni Mzee akavuta hewa kwa mlio ambao wote wawili wanasema hawataki kuusikia tena.

Na Dada Vumbi? Alikuwa bado anaongoza. Hakuna aliyemwambia aache, kwa hiyo hakuacha. Alikuwa amefika futi elfu nne, anaomba ruhusa ya kurudi kutua na gari la wagonjwa lisubiri chini.

"Simamisha mashine!" mkaguzi akapiga kelele.

"Nani mgonjwa?" Dada Vumbi akauliza. "Ni mtihani au si mtihani?"

Kwenye korido tuliona sanduku jeupe likishuka na kutulia kabla ya wakati. Mlango ukafunguliwa. Kapteni Mzee akatoka ameshikwa kwapa, macho mekundu, akihema. Muuguzi wa zamu akaitwa, akamkalisha, akamsikiliza kifua, akamwambia amepona kwa neema tu, na kuanzia leo pipi basi. Dada Vumbi alikuwa wa mwisho kutoka. Alijibanza ukutani, akateleza taratibu mpaka akakaa sakafuni na shati lake jeupe.

Sasa ungetegemea, msomaji, kwamba hapo hapo angepewa mkono na cheti. Haikuwa hivyo. Mkaguzi ni mkaguzi.

"Haya yaliyotokea siwezi kuyapa alama," alimwambia. "Hayakuwa kwenye mpango, na mashine ilisimama kabla hujatua. Atakuja kapteni mwingine, tutarudia sehemu iliyobaki."

Kapteni mwingine alichelewa. Saa mbili nzima Dada Vumbi alipima korido kwa miguu, kutoka mlango wa choo hadi mashine ya maji na kurudi. Maji alijaza, hakunywa. Alimpigia mume wake simu, akakata kabla haijaita. Alisema moyo wake haujui ushuke au upande. Mara ajione shujaa, mara awaze kwamba huyo kapteni mpya atajizimisha, na yeye nguvu zote amekwisha kuzimaliza kwa yule wa kweli, mdomo utamganda.

Haukuganda. Kapteni mpya alizimia kwa mpango, akaitwa mara mbili, akanyang'anywa ndege. Ikatua juu ya mstari wa katikati. Jioni mkaguzi alimwita, akampa mkono, akamwambia amefaulu, na kwamba kuhusu kuwatangazia abiria akasome tena. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia kwamba asingeita mara ya pili kwa ukali ule, yeye asingeinua macho. Dada Vumbi akasema asante, Mama.

Kapteni Mzee alikuwa anamsubiri kwenye ngazi, koo likiwa limekauka, shavu tupu. Kwa mazoea binti akaanza kuinama ampe shikamoo. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Leo acha," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Leo ngoja nikuamkie mimi."

Wakacheka wote wawili, na Dada Vumbi akafuta macho.

Wiki ijayo anaanza kuruka na abiria wa kweli, pembeni ya kapteni mkufunzi, safari arobaini kabla hajaachiwa rasmi. Baada ya hapo, kila miezi sita atarudi ndani ya lile sanduku jeupe kupimwa upya, mwaka hadi mwaka, mpaka astaafu. Tableti haifungwi. Ukutani sebuleni karatasi bado zipo, na mama mkwe amekataa katakata zitolewe. Dada Vumbi mwenyewe hajatulia bado. Wakati wa mazungumzo ya mwisho na mwandishi amesimama mara tano, mara ashike kiti, mara aende dirishani.

Anaulizwa ndoto yake ni nini. Anafikiri kidogo, akiwa ameegemea ukuta uleule wenye picha za saa na vitufe.

"Kiti cha kushoto," anasema. "Miaka itapita, najua, lakini nitakikalia. Na siku hiyo kulia kwangu atakaa mtoto wa watu, mwenye malezi yake, ananiogopa. Kabla hatujafunga mikanda nitamwambia: ukiniita mara mbili nikanyamaza, chukua ndege. Shikamoo utanipa tukishatua."